Kileleni na Bondeni: Rekodi za Vita vya Wakilindi

Basi linalotoka Korogwe kwenda Same hupita Mazinde bila abiria wengi kugeuza shingo. Kuna mashamba ya mkonge, kuna reli, na upande wa kulia kuna ukuta wa milima ya Usambara. Vuga iko juu huko, haionekani kutoka barabarani. Katika karne ya 19 sehemu hizi mbili, Vuga ya juu na Mazinde ya chini, zilipigana katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka 20, na waliozitawala walikuwa wa ukoo mmoja: Wakilindi, wazao wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, upande ambao leo ni wilaya ya Kilindi iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002.

Nimezikusanya hapa rekodi za vita hivyo: aliyetawala muda mrefu kuliko wote, mji uliokuwa mkubwa kuliko yote, waliotangulia kupata bunduki, mahali palipoingiza mali nyingi kuliko pengine. Ninazipanga hivyo kwa makusudi. Simulizi zetu za vita vya zamani hukaa sana kwenye majina na ushujaa wa wakuu, zikaacha maswali ambayo kila jemadari huyauliza kabla ya kitu kingine: adui anakula nini, baruti yake inatoka wapi, na njia iko mikononi mwa nani?

Utawala mrefu kuliko wote

Rekodi hii ni ya Kimweri ye Nyumbai. Alikaa Vuga tangu miaka ya 1810 hivi hadi kifo chake mwaka 1862, karibu nusu karne. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipanda kwake mwaka 1857 wakamkuta mzee sana. Sifa yake ilifika baharini, kwa kuwa madiwani wa miji midogo ya pwani kati ya Tanga na Pangani walimtambua yeye pamoja na Sultani wa Unguja, na kupeleka zawadi pande zote mbili.

Utawala wake ulisimama juu ya watoto. Kila eneo lilipewa mwana wa mfalme, na mwana huyo alikusanya kodi ya mifugo na chakula kwa niaba ya Vuga. Mfalme mpya alipoingia, alitakiwa kuweka wanawe mwenyewe mahali pa ndugu na baba zake wadogo. Mpango huu ulifanya kazi vizuri pale tu mfalme mpya alipokuwa na watoto wakubwa.

Hapo ndipo urefu wa utawala ulipogeuka kuwa sumu. Kimweri aliishi mno. Mwanawe Mshuza, aliyekuwa mrithi, alikufa kabla ya baba. Kiti kikamwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana asiye na wana wakubwa wa kuwatuma popote. Baba zake wadogo walikuwa watu wazima waliokwisha kuota mizizi katika maeneo yao kwa miaka mingi, kila mmoja na watu wake, ng'ombe wake na wajomba zake. Mmoja wao aliitwa Semboja, na eneo lake lilikuwa Mazinde.

Mji mkubwa kuliko yote

Burton aliambiwa kwamba Vuga ilikuwa na nyumba kama 500 na watu wapatao 3,000. Kwa miji ya bara ya wakati ule, hasa mji uliojengwa mlimani kwa miti na nyasi, hiyo ni idadi kubwa, na hakuna mji mwingine wa Usambara uliokaribia hapo.

Nguvu ya Vuga ilikuwa chakula na heshima. Mlima ulipata mvua wakati nyika ilikuwa kavu, na migomba iliwalisha watu wengi katika ardhi ndogo. Mfalme alikuwa ndiye mwenye uganga wa mvua, na Wasambaa waliamini kwamba nchi hustawi pale nguvu inapokuwa moja, na huingia njaa pale nguvu mbili zinaposhindana. Kulipa kodi Vuga kulikuwa pia kununua mvua. Mkulima alitoa mbuzi wake akijua, au akiamini, kwamba mahindi na ndizi za mwaka ujao zimo humo.

Kijeshi, mlima wenyewe ulikuwa ngome. Njia zilikuwa nyembamba na za mwinuko mkali, na adui aliyepanda na silaha nzito alifika juu akiwa hoi. Lakini misafara haipandi milima bila sababu. Wafanyabiashara wa pembe waliotoka Pangani kwenda Upare na Kilimanjaro walipita chini, kandokando ya mto, na mfalme wa Vuga aliwasikia kwa habari tu.

Waliotangulia kupata bunduki

Hapa tuvuke mto Pangani, twende upande wa Handeni. Wazigua ndio waliotangulia kupata bunduki kwa wingi katika ukanda huu, kwa sababu nchi yao ilipakana na bandari za Saadani na Pangani, zilizotazamana na Unguja. Krapf alipopita mwaka 1848 aliwakuta Wazigua wameshavuka mto na kuwasukuma watu wa Kimweri kutoka sehemu za tambarare. Burton naye alipita Kohode, kijiji cha mkuu wa Kizigua aitwaye Mamba, katika bonde hilo ambalo zamani lilikuwa chini ya Vuga.

Kimweri hakulala. Burton ameandika kwamba mfalme alikuwa na wapiga bunduki 400, na aliwaita Waengereza. Nimelifikiria sana jina hilo. Mfalme ambaye hajawahi kuona jeshi la Uingereza alikwisha kujua kwamba zama zimebadilika, na kwamba upinde wenye mshale wa sumu, silaha iliyowalinda babu zake, hautoshi tena. Tatizo ni kwamba wale 400 walitawanywa vijijini na hawakukaa pamoja kama jeshi. Bunduki 400 zilizotapakaa milimani, kila kundi likimtazama mkuu wa eneo lake, si sawa na bunduki 100 zilizo mkononi mwa mtu mmoja mwenye haraka.

Wazigua kwa upande wao hawakuwa na mfalme. Wengi hulihesabu jambo hilo kuwa udhaifu, na kwa vita vikubwa lilikuwa udhaifu kweli, kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaita wote pamoja. Lakini liliwapa nafasi ambayo hakuna upande mwingine ulikuwa nayo: kila mkuu wa kijiji aliweza kwenda kupigana kwa anayelipa vizuri zaidi, akarudi na ngawo yake bila kuomba ruhusa kwa mtu. Vijiji vyao kadhaa, Korogwe ikiwemo, vilijengwa kwenye visiwa vya mto Pangani, ambapo maji na mamba vilifanya kazi ya boma. Kumshinda Mzigua kwenye kisiwa chake kulikuwa kugumu kuliko kumwajiri.

Bunduki zenyewe zilikuwa gumegume na magobori ya kushindilia kwa mdomo. Zilichukua muda kujaza na zilikosea shabaha, na baruti iliyolowa ukungu haikuwaka. Ubora wake mkubwa ulikuwa kwingine. Mishale mtu alijitengenezea nyumbani. Baruti na risasi zilinunuliwa, na aliyekuwa karibu na muuzaji ndiye aliyeweza kupigana mwezi baada ya mwezi.

Mahali palipoingiza mali nyingi kuliko pengine

Tumefika Mazinde, na hapa nitakaa kidogo.

Mtu akichora ramani ya njia ya misafara kutoka Pangani kwenda Kilimanjaro, ataona kwamba bonde linabanwa kati ya milima na nyika isiyo na maji. Msafara ulihitaji mahali pa kupumzika, kuchota maji na kununua chakula kabla ya kuendelea Upare. Mazinde palikuwa mahali hapo. Mkuu wa Mazinde hakulazimika kuitafuta biashara, kwa sababu ilimjia yenyewe ikiwa imebebwa mabegani mwa wapagazi. Alidai hongo, yaani ushuru wa njia, aliuza vyakula, alinunua pembe za ndovu, na alilipwa kwa bidhaa za pwani: nguo, shanga, waya, bunduki na baruti.

Semboja aliielewa nafasi yake kuliko Mkilindi yeyote wa kizazi chake. Alivaa kama watu wa pwani, alizungumza Kiswahili, alipatana na wafanyabiashara, na aliwafanya Wazigua wa ng'ambo ya mto kuwa marafiki wakati wenziwe wa mlimani waliwaona maadui tu. Alipotaka askari, alikuwa na Wazigua wenye bunduki na wapiganaji wa Kitaita, watu ambao hawakuwa na deni lolote la mvua wala heshima kwa kiti cha Vuga.

Tukizipima pande mbili hizi, Vuga ilikuwa na watu wengi zaidi, chakula cha uhakika, ngome ya asili, haki ya kiti na imani ya wakulima. Mazinde ilikuwa na njia. Kutoka katika njia ile Semboja alipata silaha, washirika, habari za mapema na mali ambayo haikutegemea kodi ya mtu yeyote. Mfalme alipokosa kodi kwa sababu wakuu wa maeneo wamegoma, alikuwa maskini. Semboja alipogombana na wakuu wote wa mlimani, misafara iliendelea kumlipa.

Miaka hiyohiyo, mbali sana, Marekani ilikuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe, 1861 hadi 1865. Kaskazini ilikuwa na watu kama milioni 22 dhidi ya milioni 9 za Kusini, ambao zaidi ya milioni 3 kati yao walikuwa watumwa, na ilimiliki zaidi ya theluthi mbili ya reli pamoja na sehemu kubwa mno ya viwanda. Huko serikali halali na uchumi mkubwa vilikuwa upande mmoja, na upande huo ukashinda. Usambara haki ilikuwa juu na biashara chini. Tena vita vile viligusa bonde letu moja kwa moja, kwa kuwa nguo ya pamba ya Marekani, ile merikani iliyotumika kama fedha kwenye njia zote za misafara, ilipungua sana Unguja katika miaka hiyo na nguo za Uingereza na India zikachukua nafasi. Kila bei ya marobota ya nguo ilipobadilika, mkuu wa kituo kama Mazinde alijua kabla ya mfalme wa mlimani.

Pigo kubwa kuliko yote

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliushambulia mji mkuu. Vuga ikateketezwa. Shekulwavu akakimbia, na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mji uliochukuliwa kuwa moyo wa nchi tangu enzi za Mbegha na wanawe ulianguka mikononi mwa mtu wa ukoo uleule, akisaidiwa na watu wa nje.

Kinachonishangaza zaidi ni alichofanya baada ya ushindi. Alimweka Vuga mwanawe, Kimweri Maguvu, kisha yeye mwenyewe akarudi Mazinde. Alikataa kiti ambacho watu walikipigania. Kwa hesabu za kijeshi uamuzi huo ulikuwa sahihi kabisa: angepanda Vuga angeiacha njia, na mwingine angeshika hongo na baruti. Lakini uamuzi huo uliwaambia Wasambaa wote kwamba nguvu halisi imehama, na kwamba aliye Vuga ni kijana wa mtu aliye bondeni.

Uasi uliofagia kuliko wote

Wabondei, wakazi wa vilima kati ya Usambara na pwani, waliitumia nafasi hiyo. Uasi wao unaitwa Kiva. Waliwaua na kuwafukuza Wakilindi waliokuwa wakiwatawala, na kwa muda mfupi nchi yao, iitwayo Bonde, ikawa haina mtawala wa ukoo wa Mbegha.

Faida ya Wabondei katika jedwali hili la vita ni rahisi kueleza. Walikuwa wengi katika nchi yao, karibu na Tanga na Pangani, na watawala wao walikuwa wachache waliotegemea msaada wa Vuga iliyokuwa majivu. Semboja aliyeibomoa Vuga hakuweza kuirudisha Bonde. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya kwanza ya ushindi wake.

Upinzani uliodumu kuliko wote

Upande wa mashariki wa milima, Kibanga, ndugu yake Shekulwavu, hakukubali. Yeye na watu wake waliendelea kupigana na nyumba ya Semboja hadi Wajerumani walipoingia. Hakuwa na Mazinde yake, hakuwa na misafara. Alikuwa na misitu, mabonde marefu, na jina la ukoo uliodhulumiwa, na hayo yalitosha kumnyima Semboja usingizi kwa zaidi ya miaka 20.

Hapa ndipo bunduki zilipogota. Gumegume liliweza kuuchoma mji, lakini halikuweza kumshawishi mkulima wa Usambara Mashariki kwamba mvua sasa inatoka kwa mtoto wa Semboja. Katika nchi iliyoamini kwamba nguvu mbili zikishindana njaa huingia, kila ukame na kila uvamizi ulikuwa ushahidi dhidi ya mshindi. Mimi naamini kwamba haki ya kiti ilikuwa na uzito wa kijeshi, hata kama haipimwi kwa pishi za baruti, kwa sababu ilimpatia Kibanga watu wasiolipwa kwa muda ambao askari wa kukodi wangekwisha kuondoka.

Gharama kubwa kuliko zote

Baruti ililipwa kwa nini? Kwa pembe za ndovu mwanzoni, na kadiri vita vilivyoendelea, kwa watu. Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara. Lakini mashamba ya miwa ya Pangani yalitaka mikono, na Pemba iko ng'ambo tu ya maji, nayo ilihitaji wachuma karafuu zaidi baada ya kimbunga cha 1872 kuharibu mikarafuu ya Unguja. Mateka wa Usambara hakuhitaji kutembea mbali. Kutoka mlimani hadi baharini ni siku chache, na umbali huo mfupi ndio uliofanya vita hivi viwe na faida kwa wale wachache waliovigharamia.

Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu tunapowasifu wakuu kwa ujanja wao wa biashara tunasahau kilichouzwa. Bunduki ilinunuliwa kwa mtu, na ikatumika kukamata mtu mwingine wa kununulia bunduki nyingine. Wakulima wa kando ya mlima walihama kutoka mashamba mazuri na kujificha juu zaidi. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 ziliingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuja kuzuia biashara hiyo wakati silaha zilikwisha kuenea kila bonde.

Safari ndefu kuliko zote

Rekodi hii ni ya Wazigua, na ilianza kabla ya vita vya Wakilindi. Katika njaa kubwa ya karne ya 19 familia nyingi za Kizigua zilichukuliwa pwani na kuuzwa, baadhi yao hadi Somalia. Huko wengi walitoroka na kujenga vijiji kando ya mto Juba, na vizazi vyao viliendelea kuzungumza Kizigua.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vya wenyewe kwa wenyewe kupamba moto, wakulima hao hawakuwa na wanamgambo wa kuwalinda wala ukoo wenye silaha. Walikuwa na ardhi yenye rutuba, ambayo kila mwenye bunduki aliitaka. Wakakimbia. Wengine walihamishiwa Marekani, na wengine walifuata walichosimuliwa na bibi na babu, wakarudi Tanzania. Walipewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wengi wakapata uraia. Walioondoka kwa njaa walirudi kwa vita, na wenyeji wa Handeni waliweza kuongea nao bila mkalimani.

Simulizi kamili kuliko zote

Ni Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa na wamisionari wa Magila katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mwandishi alikaa kwa Semboja, kwa hiyo aliyaona mengi kutoka bondeni. Msomaji wa leo amsome kwa kukumbuka hilo, lakini amsome.

Mwaka uliofunga hesabu

Nguvu ya njia ilimponza Semboja pale njia ilipopata mwenyewe mpya. Mwaka 1888 pwani ilipowaka moto dhidi ya kampuni ya Wajerumani, wasafiri wa Kizungu Hans Meyer na Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, kiongozi wa uasi huo, na waliachiliwa kwa rupia 10,000. Sehemu ya mizigo ya msafara wao ilikuwa imeishia kwa Semboja. Mwaka 1891 kamanda wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alifika Mazinde na jeshi lenye mizinga na bunduki za kisasa, na kituo cha Kijerumani kikawekwa palepale. Mzee aliyekuwa na silaha kuliko ndugu zake wote alijikuta hana lolote la kuweka mezani.

Kisha ukaja 1895, mwaka mzito kuliko yote. Semboja alifariki. Mputa, aliyekuwa amemrithi Kimweri Maguvu kwenye kiti cha Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Mahali pake akawekwa Kinyashi, wa ukoo wa Shekulwavu. Nyumba iliyoshindwa kwa bunduki ikarudi Vuga kwa amri ya mgeni, ikiwa na haki yote ya zamani na bila mamlaka ya kutoza hongo hata ya mzigo mmoja.

Makao ya Wajerumani yalihamishiwa Lushoto mwaka 1898, kwenye baridi ya mlimani. Reli yao, iliyoanza Tanga mwaka 1893, ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, kisha ikapita Mazinde kuelekea Moshi. Waliojenga walipima miteremko na kuchagua bonde, njia ileile ya misafara, na Vuga haikuwahi kupata hata tawi.